Bafle kubwa au dogo? Pima saloni, kisha hesabu betri

Ukiingia duka la vifaa vya sauti mjini Butembo, swali la kwanza huwa hili: "Papa, unataka yenye nguvu ama ya kawaida?" Yenye nguvu ni lile bafle refu linalomfikia mtu kifuani, lenye taa za rangi rangi na maandishi ya wati elfu tano. Ya kawaida ni jozi ndogo iliyowekwa rafu ya juu. Mteja aliyekusanya dola zake kwa kahawa au kwa mbao hutazama upande huu na upande ule, akakumbuka sherehe ya jirani, akaondoka na lile refu limefungwa nyuma ya pikipiki. Namwandikia mteja huyo kabla hajalipa. Nazungumzia muziki wa kusikiliza nyumbani, mtu ameketi na ametulia. Sono ya harusi au ya mkutano wa injili ina kanuni zake, nayo naiacha kando.

Msimamo wangu nautoa mapema. Saloni nyingi za Butembo na Beni zinatoshwa na jozi ndogo iliyotengenezwa vizuri. Lakini mtu anayeishi kwa paneli za jua na betri ana sababu nzito ya kutafuta mabafle makubwa, na sababu hiyo ni kinyume cha wanavyodhani wengi: bafle kubwa lililo bora halili umeme mwingi. Linakula kidogo kuliko lile dogo.

Kuona kwa nini, tuangalie kazi yenyewe. Bafle linasukuma hewa, na noti nzito zinataka hewa nyingi. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Ngoma ya mguu huwa kati ya mara 50 na 80. Sauti ya mwanaume anayezungumza huanzia kama 85 na kupanda, ya mwanamke hukaa juu yake. Kila unaposhuka oktava moja, koni ya bafle sharti isogee mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki ule ule. Sasa koni ya inchi 12 ina eneo karibu mara sita ya koni ya inchi 5. Ni sawa na kupepea mbabula kwa mfuniko wa sufuria au kwa mfuniko wa kikombe: moto unaweza kuwaka kwa vyote viwili, ila wa kikombe utakuchosha mkono. Koni ndogo inayolazimishwa kutoa besi huenda mbele na nyuma mpaka inafika mwisho wa uwezo wake, na hapo utasikia sauti za waimbaji nazo zinaanza kukwaruza, kwa sababu koni ile ile ndiyo inayozibeba.

Mmarekani J. Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, alilieleza jambo hili kwa sheria ambayo mafundi wanaifuata hadi leo. Kuna mambo matatu ambayo kila mnunuzi anayataka: besi inayoshuka chini, sanduku dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Unaruhusiwa kuchagua mawili tu. La tatu utalilipia.

Historia imejaa mifano. Mwaka 1946 Paul Klipsch alitengeneza bafle kubwa kama kabati la nguo, la kuegeshwa kwenye kona ya nyumba, ambalo kwa wati moja tu hutoa zaidi ya desibeli 100 ukisimama umbali wa mita moja. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaenda njia nyingine: sanduku lililozibwa kabisa, dogo la kutosha kukaa kwenye rafu, likatoa besi ambayo kabla yake ilihitaji kabati zima. Malipo yake yalikuwa ampli yenye nguvu zaidi. Kisha miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kupimia sauti ndani ya magari yao ya kurushia matangazo, mahali ambapo hakuna nafasi. Wakaunda LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi, ambayo hadi leo watu huisifu kwa sauti ya mtu anayezungumza au anayeimba. Lakini hiyo hutoa kama desibeli 83 tu kwa wati moja, na besi yake haishuki sana. Kati ya ile ya Klipsch na hii ya BBC kuna pengo la karibu desibeli 20, na katika hesabu ya sauti desibeli 20 ni mara mia ya nguvu za umeme.

Hakuna atakayekuuzia bafle la Klipsch Butembo. Ila tofauti ya desibeli 7 au 8 kati ya jozi kubwa ya okazyoni kutoka Ulaya na jozi ndogo mpya ni jambo la kawaida kabisa. Desibeli 7 ni mara tano. Pale bafle kubwa linapotaka wati 4, dogo litataka 20.

Kwa mtu wa Kinshasa mwenye umeme wa waya siku nzima, hesabu hiyo ni ya vitabuni. Kwetu ni ya kila jioni. Umeme wa maji wa Virunga Energies, ulioanzia Mutwanga mwaka 2013, umebadilisha maisha ya wengi, lakini nyumba nyingi bado zinategemea paneli juu ya manjanja, au gurupu linalozimwa mafuta yakiisha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kama ni ya risasi usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Una wati-saa 600. Na kabla ya kulaumu mabafle, tazama kinachokula: ampli ya zamani, ile nzito yenye chuma cha kupoza nyuma, huweza kumaliza wati 30 au 40 hata muziki ukiwa chini sana, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Ongeza konvertisere, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, ambayo nayo hujilisha wati kadhaa bila kufanya kazi yoyote. Ukifika wati 60 kwa jumla, betri yako imekupa saa kumi.

Ampli ndogo za kisasa za daraja la D, ukubwa wa kiganja, zinafanya kazi moja kwa moja kwa volti 12 bila konvertisere, na zikiwa kimya hutumia wati chache tu. Kwa volti 12 zitatoa kama wati 8 kila upande kwa bafle la omu 8, pengine 15 kwa la omu 4. Wauzaji huzidharau. Lakini wati 8 katika bafle kubwa lenye desibeli 91 zinajaza saloni mpaka watu wapaze sauti ili wasikilizane, na wati hizo hizo katika bafle dogo lenye desibeli 83 zitaanza kupasuka besi ikija. Ampli ndogo na bafle kubwa: hiyo ndiyo ndoa ninayoipendekeza kwa kila nyumba ya betri. Kinachoonekana madukani ni ndoa ya kinyume, ampli kubwa ya kula umeme na visanduku vidogo vya plastiki.

Na yale maandishi ya wati elfu tano? Geuza bafle, soma kibandiko cha nyuma kinachotaja matumizi ya umeme. Kikisema 220V, 60W, basi mashine hiyo haiwezi kutoa muziki wa zaidi ya wati 60 kwa muda wowote wa maana, hata sanduku liandikwe nini. Namba kubwa ya mbele ni ya tangazo. Namba ndogo ya nyuma ndiyo ya kweli, na mteja anayejua kuisoma haibiwi.

Ukubwa nao unaweza kuwa wa uongo. Bidhaa nyingi za kwetu hutoka Guangzhou au Dubai, zikashukia Mombasa, zikavuka Uganda mpaka Kasindi, na miongoni mwake mna masanduku marefu ambayo yana koni moja ya kweli na nyingine mbili za mapambo, zisizo na waya wala sumaku nyuma. Omba bisibisi. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu kufungua skrubu nne. Kama hataki, inua bafle: sumaku ina uzito, mbao nene ina uzito, na sanduku refu unaloliinua kwa mkono mmoja lina hewa ndani.

Sasa chumba. Hapa ndipo bafle kubwa linaposhindwa, hata likiwa bora. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la noti inayotetema mara 43 kwa sekunde lina urefu wa mita 8. Saloni ya mita 4 inabeba nusu ya wimbi hilo kutoka ukuta hadi ukuta, na noti hiyo inapopigwa, chumba chenyewe huipokea na kuivimbisha. Mbaya zaidi ni chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, ambacho urefu na upana huvimbisha noti ile ile. Utasikia besi yenye noti moja, dum dum dum, na mpigaji besi aliyehangaika kupanda na kushuka hatasikika. Watu husema bafle limeharibika. Bafle ni zima. Chumba ndicho kinachoimba juu yake.

Nyumba za matofali ya kuchoma zenye sakafu ya saruji, kama zinavyozidi kujengwa Kimemi na Bulengera, huishika besi na kuirudisha. Nyumba za mbao, ambazo Butembo bado inazo nyingi, hufanya tofauti: mbao hutikisika na kuiachia besi itoke nje. Ndani ya nyumba ya mbao bafle kubwa husikika safi kuliko unavyotarajia, na jirani husikia karibu kila kitu. Mtu mwenye nyumba ya mbao ajue kwamba anasikiliza na kartye nzima, achague kwa kuwahurumia. Na paa la manjanja lisilo na plafo lina ugonjwa wake: noti fulani nzito hufanya bati au msumari uliolegea kulia. Kabla ya kununua kitu chochote, mwombe rafiki akuazime bafle, cheza wimbo wenye besi polepole, zunguka chumba ukisikiliza juu. Kupiga misumari upya na kuweka plafo ya triplex kunaweza kuboresha muziki wako kuliko bafle jipya. Makochi makubwa, mapazia na zulia husaidia sauti za juu zisigonge kuta na kurudi. Piga kofi moja katikati ya chumba, na ukisikia mlio wa chuma unaofuata, chumba bado ni kitupu mno. Ila mapazia hayazuii besi hata kidogo.

Kwa saloni ya chini ya mita 16 za mraba, ya matofali, nachagua jozi ndogo yenye koni ya inchi 5 au 6 na nusu, bila kusita, ikiwa umeme upo. Kisha nakaa karibu: mita moja na nusu hadi mbili, mabafle mawili na kichwa chako vikifanya pembetatu ya pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio. Ukiyapandisha juu ya kabati karibu na plafo, umetupa nusu ya fedha yako. Mabafle madogo hupenda ukuta wa nyuma uwe karibu kiasi, sentimita 20 au 30, kwa sababu ukuta huongezea besi. Makubwa yanataka kuachwa mbele zaidi, na kamwe yasisukumwe konani katika chumba cha mraba. Kama bafle lina tundu la hewa na besi inavimba, ziba tundu kwa soksi nene. Ni tiba halali.

Lakini yote haya ni bure bila kuuliza unasikiliza nini. Sina subira na ushauri wa vifaa usiotaja muziki. Rekodi za mwanzo za rumba, za lebo kama Ngoma na Loningisa miaka ya 1940 na 1950, zilitoka kwenye sahani za mizunguko 78 ambazo besi yake ya chini ni haba. Kwa hizo bafle dogo halipotezi chochote, na linaonyesha magitaa vizuri ajabu. Kwaya za parokia na za kanisa la CBCA, hotuba na habari za Radio Moto au Radio Okapi, hizo zote ni sauti za watu, na sauti ya mtu ndiyo makao ya bafle dogo. Hata TPOK Jazz ya Franco Luambo: gitaa la solo, mi-solo na akompanyima yanaishi juu ya mara 80 kwa sekunde, na jozi ndogo nzuri itakuwezesha kuyafuata moja moja sebene inapoingia, kila gitaa mahali pake, jambo ambalo bafle refu la taa haliwezi. Besi ya bendi hiyo katika bafle dogo utaisikia kama melodia. Sikio lina uwezo wa kujaza noti ya chini kwa kusikia milio yake ya juu. Utakachokosa ni uzito wake, ule unaosikika tumboni. Mtu anayependa rekodi za miaka ya 1980 kama "Mario" ya 1985, au ndombolo iliyofuata, atauhisi upungufu huo kila jioni, na simlaumu akitafuta koni ya inchi 10.

Njia ya kati ipo, nayo ni jozi ndogo pamoja na sanduku la besi, wufa. Tahadhari tu na zile seti za duka zenye visanduku viwili vidogo kama kopo la maziwa. Kwa kuwa visanduku hivyo haviwezi kushuka, wufa hulazimishwa kupanda mpaka mara 150 au 200 kwa sekunde, na sauti ya mwimbaji mwanaume hukatwa vipande viwili: kifua chake kipo chini ya meza ya televisheni, mdomo wake upo ukutani. Ukitaka wufa, jozi yako iwe inafika 80 kwa nguvu zake yenyewe. Chini ya hapo sikio halitambui sauti inatoka wapi, na wufa linaweza kukaa popote.

Beni inanilazimisha kuongeza jambo ambalo vitabu vya sauti havina. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika mji na vijiji vya eneo la Beni yamewazoeza watu kulala sikio likiwa nje. Huwezi kumwambia mtu wa huko apandishe sauti usiku ili afurahie besi. Muziki unaofunika mbwa wa jirani au hatua za nje ni hatari, na msiba nao hauishi kwenye kartye. Usikilizaji wa huko ni wa sauti ya chini, na sauti ya chini ina sheria yake: mwaka 1933 Wamarekani Fletcher na Munson walionyesha kwamba muziki ukishushwa, sikio hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana muziki mzuri wa mchana husikika mwembamba usiku. Dawa ni mbili. Kaa karibu sana na jozi ndogo, mita moja, ambapo sauti ya chini inakutosha wewe na haivuki dirisha. Na tafuta ampli yenye kitufe cha "loudness", kilichowekwa kwa kazi hiyo hasa, kuongeza besi sauti inapokuwa chini. Bafle kubwa lisilosukumwa pia hubaki na mwili katika sauti ndogo, lakini besi ndiyo inayosafiri mbali zaidi gizani, kwa hiyo kwa Beni, usiku, nasimama na madogo.

Ukinunua okazyoni, bonyeza ukingo wa koni kwa kidole. Ukingo wa mpira hudumu. Wa sponji huoza kwa miaka, na unyevu wetu hauusaidii. Ukimeguka, fundi mzuri anaweza kubadilisha, lakini bei ishuke. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, liache.

Na kwa nini tusitengeneze wenyewe? Mbao za misitu yetu hupita Butembo na Beni kwenda Uganda na Kenya, na maseremala hatukosi. Sanduku la sentimita 30 kwa 35 kwa 40 kwa ndani lina lita 42, ujazo unaofaa koni nyingi za inchi 8. Tumia triplex ya milimita 18, si ubao mzima ambao hupinda mvua zikibadilika. Weka mhimili wa kushikilia kuta katikati. Ziba kila mwanya kwa gundi. Koni nunua yenye karatasi ya vipimo vya Thiele na Small, kwani bila vipimo hivyo seremala anakisia ukubwa wa sanduku. Ni kazi ngumu, ila ndiyo njia pekee ninayoijua ya kupata bafle kubwa jipya la kweli bila kulipia taa.

Siku ya kuunganisha, waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa mita tano. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja, koni moja itakwenda mbele nyingine ikirudi nyuma: besi itatoweka, na mwimbaji hatakaa katikati. Ukiwa na shaka geuza waya wa bafle moja tu, usikilize. Upande wenye besi ndio sahihi. Kwa ampli ya betri weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri yenyewe, si karibu na ampli, kwa sababu waya ukichubuka njiani moto utaanzia hapo, na fyuzi iliyo mbali mbele haitaukata.